Mji wa Amu Wastahili Meya Wake

Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 1901, katika mji wa Cleveland ulio kando ya ziwa Erie nchini Marekani, bwana mmoja mnene mwenye uso wa ucheshi alikula kiapo cha umeya kwa haraka isiyo ya kawaida. Kura zilikuwa zimepigwa siku tatu tu kabla. Sherehe ingeweza kungoja, lakini karatasi iliyokuwa ikisubiri sahihi haikungoja: ilikuwa sheria ndogo ya kuyapa makampuni ya reli ardhi ya ufukwe wa mji, ardhi ya thamani kubwa ambayo mji ungeipoteza moja kwa moja. Zuio la mahakama lililomfunga mikono meya aliyekuwa akiondoka lilikuwa likikaribia kwisha muda wake asubuhi ile ile. Tom Johnson aliwahi, akakaa kwenye kiti, na karatasi ile haikutiwa sahihi.

Mwaka huo huo wa 1901, reli ya Uganda ilifika ziwa Victoria. Kuanzia hapo mizigo ya bara ikashuka Mombasa, meli kubwa zikaelekea Mombasa, na matajiri wakahamishia maduka yao Mombasa. Amu, yaani mji wa Lamu, bandari iliyokuwa ikipakia pembe, ngozi, ufuta na boriti kwa karne nyingi, ikabaki kando. Hakuna mtu wa Amu aliyeulizwa, na hata kama angetafutwa wa kuulizwa, asingepatikana. Mji ulikuwa na liwali wa Sultani wa Zanzibar na ofisa wa Mwingereza. Mtu aliyechaguliwa na wenyeji kuwasemea habari za ufukwe wao, biashara yao na maji yao hakuwako.

Miaka zaidi ya 120 imepita. Bendera zimebadilika, katiba zimebadilika, na Lamu sasa ni kaunti yenye gavana, seneta, wabunge na bunge lake. Lakini mji wenyewe wa Amu, ule ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, haujapata kuwa na kiongozi mmoja aliyepigiwa kura na wakazi wake kwa kazi ya kuutazama mji huo tu. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayelishangaa. Linastahili kushangaza, na linastahili kubadilishwa.

Isidhaniwe kwamba watu wa Amu hawajui kujitawala. Kabla ya Waomani, mji uliongozwa na wazee wa koo kubwa, na ulikuwa na pande mbili, Zena na Suudi, zilizopokezana uongozi kwa zamu. Ulikuwa utawala wa wachache; mtumwa, mgeni na mwanamke hawakuwa na sauti ndani yake, na hilo halina haja ya kufichwa. Lakini kiongozi wa mji alikuwa mtu wa mji, alijulikana nyumba yake, na zamu yake ilikuwa na mwisho.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mtoto wa Shela. Kiasi cha mwaka 1812, jeshi la Pate na washirika wao Mazrui wa Mombasa lilishuka ufukweni Shela likidhani Amu itaanguka kwa siku moja. Likapigwa. Waliokimbilia vyombo vyao wakakuta maji yamekupwa na mashua zimekaa mchangani, wakauawa hapo hapo. Ushindi ule uliwatia wazee hofu kuliko furaha, maana walijua Mombasa haitasamehe. Wakatuma watu Maskati kwa mtawala wa Oman, Sayyid Said, kuomba ulinzi. Ulinzi ukaja, na pamoja nao akaja liwali. Ngome iliyokuwa imeanza kujengwa ikamalizwa kufika mwaka 1821, na tangu siku hiyo mkubwa wa mji amekuwa mtu aliyeteuliwa na mwingine aliye mbali: Maskati, kisha Unguja, kisha London kwa kupitia Nairobi.

Liwali hakuwa mtu mbaya kwa sababu tu ya kuteuliwa. Masheikh kadhaa waliokalia kiti hicho waliheshimiwa, waliamua kesi kwa busara, walijua Kiamu na walijua nani ana shamba wapi. Mwingereza alipotangaza himaya yake mwaka 1895 aliwaacha maliwali, makadhi na mamudiri mahali pao, kwa kuwa ukanda wa maili 10 ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar, akilipwa kodi ya pango kila mwaka. Lakini neno la mwisho lilihama. Liwali aliendelea kuketi barazani, akisikiliza kesi ndogo na kupokea salamu za Idi, huku bajeti, polisi, ushuru na gereza vikiwa mikononi mwa ofisa wa kizungu. Ngome yenyewe, iliyo katikati ya mji, ikafanywa gereza. Ilibaki gereza hadi mwaka 1984. Kwa vizazi vitatu, kitovu cha mji, pale Mkunguni ambapo watu hununua samaki na kusikia habari, kilikuwa kimeegemea ukuta wa jela.

Uamuzi mkubwa zaidi wa zama hizo ulikuja mwaka 1907, utumwa ulipofutwa kisheria katika ukanda wa pwani. Ilikuwa haki iliyochelewa mno. Pamoja na haki hiyo, mashamba ya bara yaliyolisha mji kwa jasho la watumwa yakarudi kuwa msitu, na familia nyingi, za mabwana na za walioachwa huru, zikabaki bila riziki kwa wakati mmoja. Mji wenye uongozi wake ungekaa ukafikiri: ardhi ile igawanywe vipi, walioachwa huru wapate nini, bandari iishi kwa biashara gani. Amu haikuwa na chombo cha kufikiria hayo. Watu walihama, na waliobaki walijitegemea wenyewe. Mtaa wa Langoni ulikua kwa makuti na udongo, ukipokea wageni kutoka visiwani, Hadhramaut na Ngazija, na ilikuwa huko Langoni, wala si katika ofisi yoyote, ambako mwanachuoni Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha walifanya kazi kubwa ya kuunganisha watu ambao serikali haikuwashughulikia.

Uhuru ukaja mwaka 1963, na uliwali ukaondoka. Kadhi alibaki, amelindwa na makubaliano ya Oktoba mwaka huo kati ya Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, na hadi leo yumo katika katiba. Mahali pa liwali pakashikwa na mkuu wa wilaya kutoka Nairobi, na penye mambo ya mji pakaundwa halmashauri ya kaunti. Neno hilo la kaunti lilikuwa na uzito wake. Nairobi ilikuwa jiji, na Mombasa, Kisumu na Nakuru zilikuwa manispaa, zote zenye mameya na mapato yao. Amu, iliyo kongwe kuliko zote isipokuwa Mombasa, iliwekwa katika daraja la halmashauri za mashambani, na mkuu wake aliitwa mwenyekiti. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuzinyang'anya halmashauri za kaunti shule za msingi, afya na barabara, na kodi ya kichwa iliyozilisha ikaondoka nazo. Manispaa kubwa ziliachiwa kazi zao. Lamu ikabaki kukusanya ushuru wa soko.

Ndipo ikaja katiba ya 2010, na watu wa visiwani waliipigia kura kwa matumaini makubwa. Ugatuzi umefanya mambo ya maana, wala hakuna mwenye akili anayetaka kurudi nyuma. Hata hivyo, katika kuifuta ile sheria ya zamani ya serikali za mitaa, umeya nao ulifutwa nchi nzima uchaguzi wa 2013 ulipofanyika. Mahali pake pakawekwa bodi za manispaa chini ya sheria ya maeneo ya miji ya mwaka 2011.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Bodi ya manispaa ina watu 9. Mmoja ni waziri wa kaunti anayehusika na miji, na mwingine ni ofisa mkuu wa idara hiyo. Watatu wanateuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Wanne wanapendekezwa na vyama vya wataalamu, wafanyabiashara, jua kali na vyama vya wakazi, kisha nao wanapitia mlango huo huo wa gavana. Chini yao yuko meneja aliyeajiriwa. Hakuna hata mmoja anayesimama mbele ya mpiga kura. Gavana ndiye anayesimama, lakini gavana wa Lamu ana wadi 10 za kuangalia, kutoka Kiunga mpakani hadi Witu, kutoka Faza hadi Hongwe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, na wengi wao hawakai mji wa Amu. Ni haki kabisa kwamba gavana afikirie barabara ya Mpeketoni na maji ya Pate kabla ya mtaro wa Langoni. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine ambaye kazi yake ni mtaro wa Langoni.

Na mtaro huo si jambo dogo. Anayepita vichochoro vya Amu wakati wa masika huona jinsi mji ulivyojengwa kwa akili: mifereji inapita katikati au kando ya njia, ikishusha maji ya mvua na ya majumbani hadi baharini. Leo mifereji hiyo inabeba pia mifuko, nepi, mavi ya punda na maji ya vyoo. Ikiziba, maji machafu hupanda hadi kwenye vizingiti. Mama wa nyumba anayetaka kujua nani atazibua ana milango mingi ya kubisha. Manispaa, kwa kuwa ni usafi. Idara ya afya ya kaunti, kwa kuwa ni maradhi. Kampuni ya maji, kwa kuwa huenda bomba limepasuka. Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa mtaa wa zamani ni eneo la hifadhi na haichimbwi hapo bila ruhusa. Chifu, kwa kuwa majirani wamegombana. Mwakilishi wa wadi, kwa kuwa alimpigia kura. Nao mji umegawanywa kati ya wadi ya Mkomani na wadi ya Shela, kwa hiyo hata huyo ana nusu ya mji tu. Kila mlango una jibu lake la kweli, na jibu hilo ni kwamba sehemu yake imefanyika na iliyobaki ni ya wengine.

Maji ya kunywa yana hadithi kama hiyo. Mji wote unaishi kwa maji ya mvua yaliyochujwa na machuguu ya mchanga ya Shela na kukaa chini yake. Machuguu hayo yakijengwa mahoteli na majumba, au visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia, na chumvi ikishaingia haitoki kwa amri. Kila mtu katika Amu anajua haya. Lakini vipande vya ardhi vinatolewa na ofisi moja, vibali vya ujenzi na nyingine, maji yanasimamiwa na ya tatu, na mazingira na ya nne. Anayetakiwa kuziita ofisi zote nne kwenye meza moja na kusema hapa basi, hayuko.

Ndiyo maana inafaa kurudi Cleveland kidogo, kwani maisha ya Tom Johnson yanaonyesha mtu wa namna hiyo anaweza nini na hawezi nini.

Hakuwa mtakatifu. Alizaliwa Kentucky mwaka 1854, familia yake ikafilisika na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alipokuwa kijana mdogo akaingia kazi katika kampuni ya tramu za mjini Louisville. Huko alibuni sanduku la nauli la kioo, lililomwezesha kondakta na abiria kuona sarafu ikidondoka, na hilo likamtajirisha. Akanunua njia za tramu katika miji kadhaa, akajenga viwanda vya chuma, akala faida ya vibali vya ukiritimba kama matajiri wenzake. Kisha akasoma maandishi ya Henry George kuhusu ardhi na kodi, na akaamini kwamba utajiri wake mwenyewe umetokana na upendeleo ambao miji haikupaswa kuutoa. Akaingia Bunge la Marekani kuanzia 1891 hadi 1895. Alipogombea umeya mwaka 1901, Cleveland ilikuwa na watu zaidi ya 381,000, wengi wao wahamiaji wa viwandani, na tramu zilikuwa mikononi mwa makampuni yaliyotoza senti 5 kwa safari. Ahadi yake ilikuwa senti 3.

Alishinda mara nne mfululizo. Katika miaka 8 alifunga mita za maji ili tajiri asitumie maji kwa hesabu ya maskini. Alichukua kazi ya kuzoa taka kutoka kwa wakandarasi, akaweka ukaguzi wa nyama na maziwa, akajenga mabafu ya umma na kuondoa vibao vilivyokataza watoto kukanyaga nyasi za bustani. Alianzisha ofisi iliyofundisha watu jinsi nyumba zao zinavyothaminiwa kwa ajili ya kodi, ikabandika hesabu hadharani, na watu wakaona kwa macho yao kwamba vibanda vya wafanyakazi vinatozwa kwa kiwango kikubwa kuliko majumba ya wenye mali. Wakubwa wakaenda mahakamani kuizima.

La kuigwa zaidi kwa mji mdogo kama Amu ni hema. Johnson alinunua hema la sarakasi na kulizungusha mtaa kwa mtaa. Chini ya hema hilo hakuhutubia tu. Aliwaita wapinzani wasimame wamuulize, akajibu kwa takwimu, na aliposhindwa kujibu watu waliona ameshindwa. Mwandishi Lincoln Steffens, aliyezunguka Marekani akifichua ufisadi wa serikali za miji, alimwita meya bora wa mji ulioongozwa vizuri kuliko yote nchini humo.

Hata hivyo alikumbana na ukuta ambao mtu wa Amu anaufahamu. Mwaka 1902 mahakama kuu ya jimbo la Ohio ilifuta muundo wa serikali ya Cleveland, na bunge la jimbo likaamua upya mji uwe na mamlaka gani. Meya aliyechaguliwa na mji aligundua kwamba funguo za mji ziko kwa wengine. Ilibidi kungoja hadi 1912, alipokuwa ameshakufa, ndipo katiba ya Ohio ikabadilishwa ili miji ijiandikie hati zake yenyewe. Vita vya tramu navyo vilimchosha na kumla mali. Mwaka 1908 wapiga kura wenyewe waliukataa mpango wake wa usafiri, na mwaka uliofuata wakamtoa madarakani. Alikufa Aprili 1911. Waliomtoa ndio waliomjengea sanamu katika uwanja wa kati wa mji.

Kushindwa kwake ni sehemu muhimu ya habari hii. Mji ulimpa kazi, ukaona matokeo, ukamnyima. Watu wa Amu hawajawahi kuwa na nafasi ya kumpa mtu kazi ya mji wala ya kumnyima.

Wako watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Ya kwanza ni kwamba Kenya ilikuwa na mameya na wakatuchosha. Ni kweli. Madiwani ndio waliowachagua, si wananchi, na katika miji mingi uchaguzi huo ulifanyika baada ya madiwani kufungiwa hotelini na kununuliwa. Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilioza hadi serikali ikaivunja mwaka 1983 na kuweka tume iliyokaa miaka 9, nayo tume haikuwa safi zaidi. Lakini kasoro ile ilikuwa ya mtindo wa uchaguzi. Meya wa madiwani anawaogopa madiwani. Meya wa wakazi anawaogopa wakazi. Kosa la 2011 lilikuwa kuufuta umeya mbovu na kuweka uteuzi badala ya kura.

Hoja ya pili ni Kampala. Huko Meya Mkuu, Erias Lukwago, alichaguliwa na wananchi moja kwa moja mwaka 2011, lakini sheria ilikuwa imeshampa mkurugenzi mtendaji aliyeteuliwa na rais mamlaka yote ya fedha na watumishi. Miaka ikapita kwa ugomvi, meya akaondolewa na madiwani mwaka 2013, akaenda mahakamani, na bado wapiga kura wakamrudisha 2016. Wanaosema Amu itapata vurugu kama hiyo wana haki ya kuhofia. Dawa yake ni kuandika mipaka mapema. Meya wa Amu asipewe hospitali wala barabara za kaunti. Apewe taka, mitaro, vichochoro, soko, gati, utaratibu wa punda na pikipiki, na kiti cha lazima penye uamuzi wowote wa kujenga katika mji au katika machuguu ya Shela. Apewe pia sehemu inayojulikana ya mapato yanayokusanywa ndani ya mji, iliyoandikwa katika sheria, isiyongoja hisani ya mtu.

Ya tatu ndiyo inayosemwa kwa sauti ya chini barazani: kwamba mji ni mdogo, watu ni ndugu, na kura ya meya itaamsha Mkomani na Langoni, koo na koo, wenyeji na waliokuja juzi. Hofu hii isidharauliwe. Lakini mgawanyiko huo upo tayari, na sasa unafanya kazi gizani, katika kupigania majina ya kupelekwa kwa gavana. Mji ambao zamani uliweka zamu baina ya pande mbili unaweza kuweka sharti kwamba meya na naibu wake watoke wadi tofauti, na kwamba hakuna anayekaa zaidi ya vipindi viwili.

Ambaye bado ana shaka kama jambo hili lina haraka, atazame upande wa pili wa maji. Mwezi Machi 2012 marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walifungua mradi wa bandari na reli ya LAPSSET katika ghuba ya Manda. Mwaka 2014 rais alifuta hati za ardhi za makampuni 22 yaliyokuwa yamejipatia ekari zipatazo 500,000 katika Lamu, ardhi iliyokwisha gawanywa wakati wenyeji wengi hawana hata hati ya kiwanja wanachokalia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata, na ikaona kwamba serikali ya kaunti haikushirikishwa ipasavyo katika mradi unaobadilisha kila kitu katika eneo lake. Mwaka 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Gati la kwanza la bandari likaanza kazi Mei 2021.

Ushindi wote huo wa mahakamani uliletwa na watu waliojikusanya wenyewe: wavuvi, mabaharia, walimu, vijana, wanawake waliobeba mabango juani. Walifanya kazi ambayo ofisi ya mji ingepaswa kuifanya kwa mshahara na kwa mamlaka. Watafanya hivyo mara ngapi? Bandari itakua. Itahitaji makazi, maji, boti za abiria na masoko, na shinikizo la kila siku juu ya mji mkongwe litatoka kwenye maamuzi madogo ambayo hakuna atakayeyapeleka mahakamani: kibali cha ghorofa moja zaidi, kontena la duka penye ufukwe, pikipiki inayoachwa kupita leo kisha kesho zikawa ishirini katika njia iliyopimwa kwa upana wa punda mwenye mzigo.

Kubadilisha sheria ya 2011 ni kazi ya Bunge na Seneti, na itachukua muda. Katiba, katika kifungu cha 184, inataka sheria ya miji iweke njia ya wakazi kushiriki katika kuiongoza miji yao, kwa hiyo mbunge wa Lamu Magharibi na seneta wa Lamu wana msingi wa kuanzia, na wangepata wenzao Malindi, Kilifi, Kisumu na Eldoret ambako malalamiko ni yale yale. Huku sheria ikingojwa, yako yanayowezekana bila kubadilisha neno lolote. Gavana anaweza kutangaza kwamba majina yake matatu atayachukua kutoka kwa watu watakaopendekezwa katika mikutano ya mitaa, mmoja Mkomani, mmoja Langoni, mmoja Shela. Bodi inaweza kukutana pale Mkunguni, mchana, milango ikiwa wazi, badala ya ofisini. Inaweza kubandika kwenye ukuta wa ngome, kila robo ya mwaka, shilingi zilizoingia na zilizotoka, kwa Kiswahili ambacho mchukuzi wa gatini na mama muuza mahamri watakisoma. Bunge la Kaunti linaweza kupitisha hoja ya kuomba sheria ibadilishwe, na hoja hiyo haihitaji ruhusa ya Nairobi.

Na wakazi wa Amu wenyewe wasikae wakingoja. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Wagombea wa ugavana, useneta, ubunge na uwakilishi wa wadi watapita barazani wakiomba kura, kama wanavyopita kila mara. Kila mmoja wao aulizwe swali hili mbele ya watu, na jibu lake liandikwe: je, utaunga mkono mji wa Amu uchague kiongozi wake mwenyewe, ndiyo au la?